Kibali Kimoja, Zamu Tatu

Kaeni mnavyopenda, lakini msisinzie, maana leo mimi nasimulia na nyinyi mnahukumu. Nawaambia mapema kwamba sina jibu nililolificha mfukoni.

Walikuwapo watu watatu ambao hawakuwahi kukaa meza moja, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake. Elinihaki alikuwa mtu wa kutunza: kilichopita mikononi mwake hakikupotea, iwe karatasi, iwe ahadi. Namsifu alikuwa mtu wa kutafuta: ukimtuma kitu, hakurudi bila hicho kitu. Mma Gaone alikuwa mtu wa kukusanya: akiita watu wanakuja, na wakija wanakuja na wenzao.

Aliyewaunganisha hao watatu ni Nakijwa. Alikuwa mke wa Elinihaki, dada mkubwa wa Namsifu, na fundi aliyemtengenezea Mma Gaone mguu.

Nakijwa ni Mpare wa Usangi, kule milimani juu ya Mwanga. Kazi yake ni kutengeneza miguu na mikono ya bandia. Alipata mkataba wa miaka miwili katika hospitali ya Letsomo, mji mdogo wa nchi moja ya kusini, pembezoni mwa jangwa la Kalahari. Karakana ilikuwapo, mashine zilikuwapo, fundi ndiye hakuwapo. Watu waliokatwa miguu walikuwa wakisafiri siku nzima hadi mji mkuu, na wengi walichoka wakabaki na magongo. Nakijwa alifika na mume wake na binti yao Namkunda, aliyekuwa na miaka miwili. Mkataba ukaongezwa, ukaongezwa tena. Namkunda akawa na miaka kumi na miwili, anaota ndoto zake kwa Kitswana na kuzisimulia kwa Kiswahili.

Mwaka wa kumi ndipo barua ilipokuja. Nakijwa alikuwa amesimama karakanani, mikono imejaa plasta, na mgonjwa ameketi anasubiri kipimo. Karani akamsomea. Kibali chake cha kazi kilikuwa kimefika ukomo na kisingeweza kuongezwa tena. Njia iliyobaki ilikuwa kuomba ukaazi wa kudumu, na aliyeomba alitakiwa kuthibitisha mambo matatu mbele ya bodi: kwamba cheti chake ni cha kweli na ni chake, kwamba yeye na familia yake wameishi nchini kihalali miaka yote bila pengo, na kwamba watu wa pale wanamhitaji. Likikosekana moja, ombi linaanguka, na familia ina mwezi mmoja wa kufunga mizigo. Alipewa siku tisini.

Nakijwa alimaliza kipimo cha yule mgonjwa kwanza. Kisha akanawa mikono, akampigia mume wake.

"Baba Namkunda, tuna siku tisini."

"Za nini?"

"Za kukaa au kuondoka."

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo kila mmoja alipoingia na lake.

Jambo la kwanza lilikuwa cheti. Cheti cha Nakijwa kiliandikwa Nakijwa Msuya, jina la baba yake. Pasipoti ilisema Nakijwa Mbwambo, jina la mume. Bodi ilitaka maandishi ya kuonyesha kwamba Msuya na Mbwambo ni mtu mmoja, na barua ya mtu aliyemfundisha, iliyoapiwa mahakamani. Nakijwa hakuweza kusafiri. Angetoka nje ya nchi bila kibali asingerudi. Akampigia mdogo wake.

Namsifu hakuwa mtu wa kukaa bure akisubiri simu. Alikuwa anaishi na mama yao, ambaye macho yalikuwa yamekwisha. Miaka kumi nyuma, Nakijwa alipopata mkataba, Namsifu naye alikuwa amepata nafasi ya chuo cha kilimo Morogoro. Mabinti wawili, mama mmoja asiyeona. Namsifu akasema, "Nenda wewe, dada. Mimi nitasoma ukirudi." Aliyatamka hayo mara moja tu na hakuyarudia tena.

Sasa ilikuwa masika, na mvua ilikuwa imeporomosha mlima juu ya barabara. Namsifu akamwacha mama kwa jirani, akateremka kwa miguu hadi Mwanga, saa sita kwenye matope. Mchungaji aliyewafungisha ndoa akina Nakijwa alikuwa amehamishiwa Korogwe, akamfuata Korogwe. Daftari la ndoa lilikuwa limebaki Usangi, akarudi Usangi. Mwalimu aliyemfundisha Nakijwa alikuwa amestaafu, na chuoni walijua tu kwamba kwao ni Rombo. Namsifu akaenda Rombo akaulizia soko hadi soko, hadi akampata mzee huyo shambani kwake anapogoa kahawa.

"Unamkumbuka Nakijwa Msuya?" akamuuliza.

"Yule aliyekataa kumpa mgonjwa mguu kwa sababu ulikuwa unampa malengelenge, akautengeneza upya mara nne? Namkumbuka. Twende hiyo mahakama."

Siku tisa alizunguka. Siku ya kumi karatasi zilikuwa njiani, na Namsifu alikuwa nyumbani anamkandia mama yake unga wa chapati.

Jambo la pili lilikuwa miaka. Elinihaki alikuwa mwalimu wa fizikia, makamu mkuu wa shule, na kila mtu alijua kwamba ukuu ulikuwa unamsubiri. Aliacha yote akamfuata mke wake. Wenzake walimcheka kwa adabu. Kule Letsomo, kibali chake kilikuwa cha mwenza wa mfanyakazi: kuishi ruksa, kuajiriwa marufuku. Basi akalea mtoto, akapika, akajifunza Kitswana, na jioni akawafundisha watoto wa jirani hesabu kwenye baraza. Wazazi walitaka kumlipa, akakataa. Shule moja ya binafsi ikamwambia afundishe kimyakimya, jina lake lisiandikwe popote. Akakataa hiyo pia, ingawa siku hiyo hakula.

Mbele ya bodi, kule mji mkuu, mwenyekiti, mama mmoja mwenye nywele za mvi, alikuta pengo. Mwaka wa nne kulikuwa na siku themanini na saba ambazo hazikuwa na kibali chochote.

Elinihaki akafungua faili la nne kati ya mafaili manane aliyokuja nayo. Akatoa risiti yenye mhuri iliyoonyesha kwamba ombi la kuongeza muda lilipokelewa siku tatu kabla kibali cha zamani hakijaisha. Akatoa kadi ya chanjo ya Namkunda ya mwezi huo. Akatoa na daftari ambamo kila siku ya miaka kumi aliandika kiasi cha mvua iliyonyesha uani kwake, hata siku alizoandika sifuri, na Letsomo sifuri ni nyingi.

Mwenyekiti akafunua kurasa polepole. "Na wewe mwenyewe, miaka kumi, mwalimu wa fizikia, hukuwahi kufundisha?"

"Nimefundisha kila siku, mheshimiwa. Kulipwa ndiko sijalipwa."

Akaulizwa kama ana ushahidi. Akasema majirani wapo nje.

Na kweli watu walikuwa nje, lakini wengi kuliko alivyofikiri, maana jambo la tatu lilikuwa watu, na hilo lilikuwa mikononi mwa Mma Gaone.

Mma Gaone, na mma kwa Kitswana ni mama, ni mfugaji, mjane mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde. Mguu wake wa kushoto ulikatwa baada ya kuumwa na nyoka. Aliposikia habari za ile barua hakumuuliza Nakijwa chochote. Alifunga mlango wake, akaanza kuzunguka vijijini, wiki tatu, kwa punda na kwa lifti za malori, kuwatafuta watu waliotembea kwa miguu ya Nakijwa. Ulikuwa mwaka wa ukame. Ng'ombe wake hawakuwa na mtu mwingine wa kuwapeleka kisimani. Aliporudi alikuta kumi na moja wamekufa. Hakumwambia Nakijwa, Nakijwa alikuja kusikia kwa mgonjwa mwingine.

Siku ya bodi alifika mji mkuu na watu arobaini na watatu. Ofisi ilikuwa ghorofa ya pili na lifti ilikuwapo, inafanya kazi. Mma Gaone akaitazama, akawaambia wenzake, "Sisi tunapanda ngazi."

Ndani ya chumba walianza kusikia mshindo: ko, ko, ko, wa polepole, unaongezeka. Mwenyekiti akanyanyuka akafungua mlango. Ngazi ilikuwa imejaa watu kutoka chini hadi juu: wazee, mama wenye watoto mgongoni, na dereva mmoja wa trekta aliyekuwa na miguu yote miwili ya bandia. Wengine walikuwa wanatokwa jasho, hakuna aliyeshika ukuta.

"Nani kawaambia mpande ngazi?" mwenyekiti akauliza.

"Hakuna, mma," akajibu Mma Gaone. "Tumeona karatasi zinaweza kukueleza kila kitu cha huyu mama isipokuwa kazi yake."

Nakijwa alikuwa ameketi na mgongo kwa mlango. Hakugeuka. Alikuwa anasikiliza hatua, na kwa masikio tu aliweza kujua kifundo cha nani kinahitaji kukazwa. Lakini mwanamke huyu ambaye hakulia siku ya barua, siku hiyo aliinamisha kichwa, na Elinihaki akamshika bega.

Ukaazi wa kudumu ukatolewa kwa familia nzima. Sasa wangeweza kuishi popote katika nchi ile, kufanya kazi yoyote, kwenda kwao na kurudi bila kuomba ruhusa. Letsomo wakachinja. Usangi wakapika. Mama yao akina Nakijwa, aliyeshikishwa simu, alisema maneno machache tu: "Waambie huko kwamba wewe ni mtoto wangu."

Hadithi ingekuwa ya furaha tu ningeikatia hapo. Lakini mlango ukifunguliwa, kila aliyeusukuma anakuwa na mahali pa kwenda.

Jumatatu, Elinihaki alipata barua. Shule kubwa ya serikali, mji ulio kilomita mia sita kutoka Letsomo, ilimtaka awe mkuu wa shule kuanzia Januari. Akaiweka mezani wakati wa chai. "Mama Namkunda," akasema, "sijawahi kukuomba kitu tangu tuje. Naomba hiki." Na siku walipofunga ndoa walikuwa wamekubaliana kwamba hawataishi nyumba mbili.

Jumatano, Namsifu alipiga simu. Chuo cha Morogoro kilikuwa kimempa nafasi tena, miaka miwili, kuanzia Januari. Mwaka ujao umri wake ungepita kiwango. Mama alikuwa hataki kuhama. Nyumba yake aliijua kwa viganja, na walipomhamishia Moshi wiki moja alianguka mara mbili. Msichana wa kazi, mama alikuwa amemkataa. "Dada," Namsifu akasema, "nilisema nitasoma ukirudi. Ndiyo nauliza kama unarudi."

Ijumaa, Mma Gaone aliingia karakanani, akaketi kwenye kiti cha wagonjwa. Hospitali ilikuwa imekubali kuwapokea vijana watatu wa Letsomo wajifunze kazi kwa miaka miwili, kuanzia Januari, ikiwa tu Nakijwa atawafundisha. Asipokuwapo, nafasi hizo zingepelekwa hospitali nyingine. "Mimi ni mzee," akasema. "Mguu huu utanitosha. Lakini tuliwaambia wale wakubwa kwamba tunakuhitaji. Hatukusema uongo, na sitaki tuwe tumesema uongo."

Nakijwa hakumficha mtu. Alimwambia kila mmoja maombi ya wenzake. Elinihaki akasema, "Wote wana haki." Namsifu akasema, "Mma Gaone alipoteza ng'ombe, mimi nisingependa kumpita." Mma Gaone akasema, "Huyo mdogo wako aliteremka mlima kwenye mvua." Walisifiana hivyo, kila mmoja akajivunia mwenzake. Lakini hakuna aliyeondoa ombi lake, kwa sababu hakuna aliyeomba kitu cha mchezo. Nakijwa akaomba apewe hadi Jumapili.

Basi hapo ndipo mimi ninaponyamaza na nyinyi mnapoanza. Bila Namsifu, cheti kingekuwa cha mtu mwingine. Bila Elinihaki, miaka ingekuwa na shimo. Bila Mma Gaone, bodi ingesoma karatasi na kufunga faili. Mmoja alitoa kazi yake, mmoja ujana wake, mmoja mifugo yake. Atakayesema mume kwanza, anieleze atamjibuje Namsifu. Atakayesema nyumbani kwanza, anieleze atazishukaje zile ngazi walizopanda akina Mma Gaone. Atakayesema kazi kwanza, amtazame Elinihaki usoni, asubuhi, wakati wa chai.

Jumapili imefika. Nakijwa amekaa, simu iko mezani, na mtu wa kwanza atakayemwambia ndiyo ndiye atakayepewa zamu. Wewe uliyesikia yote, ungekuwa kwenye kiti chake, ungemwambia nani ndiyo?