Mizani ya Duka la Ndoana

Wapendwa, leo nitawatoa humu kanisani kwa dakika chache niwapeleke dukani. Mikoba iacheni hapo mlipokaa, hatununui kitu.

Kando ya ziwa moja kulikuwa na mzee mwenye duka la vifaa vya kuvulia samaki. Duka lenyewe dogo, ukiwa na kofia pana unaivulia mlangoni. Aliuza ndoana, mishipi, fimbo za kuvulia, na vile visamaki vya plastiki vinavyometameta ambavyo samaki wa kweli huvidhania chakula. Wavuvi wa pale hawakuwa wateja wake, wao walikuwa na nyavu zao. Wateja wake walikuwa wageni wa likizo kutoka mjini. Huyu daktari, yule karani wa benki, mwingine na gari limejaa watoto. Wanakaa siku tatu, wanababuka jua, wanavua samaki mmoja au wawili, wanarudi kusimulia ofisini.

Mlangoni mwa duka ilining'inia mizani. Mnaijua, ile ya duara yenye uso kama saa ya ukutani na kulabu chini yake. Mgeni akipata samaki, hapo ndipo alipokimbilia kwanza. Mzee anamtundika samaki, anasoma mshale, anaandika uzito kwa chaki kwenye kibao cheusi. Mgeni anashika samaki mkono mmoja na kibao mkono wa pili, anapigwa picha. Baadaye mzee anaisafisha picha na kuibandika ukutani. Ukuta ulijaa mpaka darini. Kule mjini watu wakawa wanaambiana, ukienda ziwani pitia kwa yule mzee, kwake samaki ni wakubwa.

Walikuwa wakubwa kweli? Hapo ndipo penyewe.

Ilianza siku mgeni mmoja alipovua kambale wa kilo tano kasoro kidogo sana. Bwana yule alikuwa ameshinda juani siku mbili, pua imebabuka, mkewe amemnunia kwa kuwa likizo yote imeishia kwenye maji. Akasimama akiutazama mshale uliogoma kufika kwenye tano. Mzee akamwonea huruma. Akashika mkia wa samaki, kama mtu anayemtuliza asibembee, akauvuta chini kidogo kwa kidole kimoja. Mshale ukafika. Yule bwana akapiga kelele za furaha, akamkumbatia mzee wa watu, na kabla ya kuondoka akanunua fimbo mpya.

Niwaulize, nani aliibiwa pale? Samaki hakuuzwa kwa mtu. Bwana amefurahi, mkewe ameacha kununa, na samaki mwenyewe alikwisha kufa, hana malalamiko. Mkinitajia mtu aliyedhulumiwa siku ile, nitashuka hapa madhabahuni sasa hivi.

Basi kidole kikazoea. Na mzee alikuwa mtu wa utaratibu, akachoka kushika mikia. Uso wa mizani ulikuwa umepauka, namba zimefutika, kwa hiyo akachora uso mwingine kwa mkono wake, kazi safi kabisa. Sifuri aliiacha mahali pake. Namba nyingine zote alizisogeza karibu karibu, kiasi kwamba kilo kumi zilisomeka kumi na moja. Kuanzia siku hiyo mizani ilisema yenyewe, na mzee alisimama pembeni amefumbata mikono.

Mkewe aliliona. Nyumbani hakufichiki kitu. Akamwambia, "Mume wangu, hiyo mizani yako ina huruma kupita kiasi."

"Hawa hawali samaki kwa kilo, mke wangu. Wanamla kwa maneno. Mimi nawaongezea chumvi tu."

"Na akija mtu mwingine kupimia?"

"Nani tena? Apime nini?"

Mama akaondoka. Alikuwa na chungu jikoni.

Sasa mzee huyu alikuwa na binti aliyerudi kuishi kwake, na binti alikuwa na mtoto wa mwaka mmoja. Mtoto aliugua surua. Ikamwachia, lakini ilimwachia mifupa. Binti alisaga karanga, akachanganya na unga wa lishe, akamlisha kijiko kimoja kimoja kutwa nzima. Kila mwezi alimpeleka kliniki, nesi akaweka nukta kwenye kadi, na nukta haikupanda. Mwezi wa tatu nesi akamweleza bila kuficha: "Dada yangu, safari ijayo uzito ukishuka, usirudi nyumbani. Nitakuandikia barua uende hospitali ya wilaya siku hiyo hiyo, mtoto alazwe. Tukichelewa tutampoteza." Maneno hayo binti aliyarudia kwa baba yake kama alivyoyasikia.

Mwezi ukaisha. Asubuhi ya siku ya kliniki nesi akaingia dukani anahema.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, nesi. Leo umekuja kuvua?"

"Weee, niache. Mizani ya zahanati imekufa. Wilayani wanasema tusubiri, na kina mama wamejaa barazani wananingoja. Naomba uniazime ya kwako, mchana nairudisha."

Dukani walikuwepo wageni watatu. Nusu saa haikuwa imepita tangu wapime samaki wao, bado wanaonyeshana picha kwenye simu. Ukutani nyuso zote zile zinacheka. Mzee angesema nini? Akisema mizani haifai, wale watatu wangegeuka. Akisema kwa nini haifai, habari ingefika mjini kabla ya chakula cha mchana. Akaiteremsha mizani, akaipangusa kwa kitambaa, akamkabidhi.

"Chukua, mama."

Mnataka kujua kama alimkumbuka mjukuu wake? Alimkumbuka. Akajiambia kwamba mtoto aliyekonda anaonekana kwa macho, na nesi ana macho. Akajiambia ni mara moja tu, mwezi ujao mizani mpya itakuwa imefika. Hivyo ndivyo alivyojiambia, akarudi kuwauzia wageni ndoana.

Siku ile watoto wote wa kijiji walinenepa. Nesi alishangaa kidogo, lakini maghala yalikuwa yamejaa, akasema, "Naona mavuno ya mwaka huu yamewafaa." Kina mama wakapiga vigelegele pale barazani. Mnavijua vigelegele vya kina mama kliniki, vinasikika mpaka sokoni.

Mchana binti alikuja moja kwa moja dukani, mtoto mgongoni, mizani mkononi, nesi amemtuma airudishe.

"Baba! Kilo saba! Mwezi uliopita alikuwa sita na robo tatu. Nesi amesema barua ya hospitali haina haja tena, nizidishe karanga tu. Nirudi mwezi ujao!"

Mzee akaitazama mizani. Saba za uso ule alizijua yeye zilikuwa ngapi. Hazikufika hata sita na nusu. Mtoto alikuwa ameshuka.

Binti hakumngoja aseme. Akaokota chaki, akaandika saba kubwa kwenye kibao, akamshusha mtoto, akampakata kifuani, akasimama mlangoni pale pale wanaposimama wageni. "Tupige picha, baba. Na sisi utubandike na hao samaki wako."

Mzee akainua simu. Kwenye kioo cha simu akaona uso anaoujua. Ulikuwa uso wa yule bwana wa pua iliyobabuka, na wa karani wa benki, na wa wote waliojaa ukutani. Miaka yote alikuwa ameupenda uso huo. Aliutengeneza mwenyewe, kwanza kwa kidole, halafu kwa kalamu. Chini ya uso huo aliona mkono wa mjukuu wake umeshika ukingo wa kibao, na kifundo cha ule mkono ungeweza kukizungushia vidole viwili, ncha zikapitana.

"Baba, mbona hupigi?"

Simu ikashuka. Mzee akasema, "Hajaongezeka, mwanangu. Ameshuka. Namba za mizani hiyo nilizichora mimi."

Wageni walikuwepo, wakasikia. Safari hii hakuwaangalia.

Binti hakulia. Aliuliza swali moja tu: "Asubuhi nesi alipokuja, ulijua?" Binti akaweka kibao chini, akamfunga mtoto mgongoni upya, akatoka kwenda barabarani kutafuta gari lolote la kumfikisha wilayani. Mzee akaliacha duka wazi na wageni ndani, akashika njia ya zahanati, mizani kwapani. Mpaka jioni yeye na nesi walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba kwa wale kina mama waliopiga vigelegele, na kwenye kila mlango mzee alilazimika kusema kwa kinywa chake: mama, mwanao hakunenepa.

Naona kina mama wa upande huu mnaniangalia. Mnataka kuniuliza kama yule mtoto alipona.

Wapendwa, huu ni mfano. Mtoto yule nimemtunga mimi. Naweza kumponya kwa sentensi moja, mkashusha pumzi, mkatabasamu, na pale mlangoni mkanishika mkono mkisema leo mchungaji umetubariki. Mnaona ninachotaka kufanya? Nataka kushika mkia wa samaki. Kwa hiyo sitamponya. Ninachojua ni kwamba gari la wilayani hutoka asubuhi, na habari ya kweli binti aliipata mchana.

Sasa tuje kwetu sisi. Sisi hatuna duka wala ziwa, lakini mizani tunayo, na tunapimiana kila wiki. Ndugu yetu ameanza kunywa mpaka anasahau njia ya kwake, tunamwambia, "Ah, wewe uko sawa, ni uchovu tu." Binti anatuletea habari za mchumba ambaye sote tunamjua vizuri, tunamwambia, "Hongera, Mungu amekujibu." Hata hapa kanisani, mara ngapi mmeniambia mahubiri yamewagusa nami niliwaona mmesinzia? Na mimi nikawashika mikono nikasema naona mnakua kiroho. Sote tukaenda nyumbani na furaha yetu.

Mtaniambia, mchungaji, hayo ni maneno madogo ya kumpa mtu moyo. Naam. Kambale naye alikuwa mdogo. Mzee hakuwa mwizi, wala hakumchukia mtu. Alipenda kuona watu wakifurahi mlangoni kwake, na sisi tunapenda hivyo hivyo. Alidhani anachora mizani ya samaki. Mizani haina akili ya kujua kilichotundikwa kwenye kulabu, na ulimi wetu hivyo hivyo. Tukiuzoeza kumwongezea mgeni wa siku tatu, siku mtu wa damu yetu atakapotundikwa pale utamwongezea na yeye, na tutakuwa tumesimama pembeni tumefumbata mikono.

Na simaanishi tutoke hapa tukaanze kuwavunja watu mbavu kwa ukweli. Mzee hakumtukana binti yake. Alimwambia akiwa bado na muda wa kufika barabarani, na hiyo ndiyo ilikuwa huruma ya kwanza iliyotoka katika duka lile.

Kuna mtu atasimama mbele yako wiki hii, kibao mkononi, anacheka, anangoja umpige picha. Uzito wake wa kweli unaujua. Pengine ni wewe uliyemchorea namba. Kabla kwaya haijasimama, naomba tunyamaze kidogo, kila mmoja amtaje huyo kwa jina moyoni mwake. Mimi wa kwangu nimeshamtaja, na namwona pale mstari wa tatu.