Dira ya Fundi Mwinjuma

Fundi mmoja wa kujenga alikuwa na mama mzee, kiwanja kitupu na simu mpya. Kiwanja kilikuwa cha mama. Alikitoa wakfu ujengwe msikiti, kwa kuwa msikiti wa karibu ulikuwa ng'ambo ya mto na miguu yake haikuweza tena kufika huko. Alitaka jambo moja: kusali humo, hata sala moja, kabla hajaondoka duniani. Kazi akampa mwanawe, Mwinjuma, na mtaa mzima ukaridhia.

Simu aliinunua mjini kwa ajili ya kazi hiyo, maana ilikuwa na dira ya kuonyesha kibla, na waranti ya mwaka mmoja. Siku hiyohiyo akaitengenezea kava la ngozi, la kujifunga lenyewe kwa sumaku, na juu yake akaandikisha kwa herufi za dhahabu: FUNDI MKUU. Alipenda kulitoa mfukoni mbele za watu.

Siku ya kupiga kamba za msingi watu walikusanyika. Mwinjuma akafungua simu, dira ikaelekea kwenye mkuyu, akachomeka vigingi. Baada ya adhuhuri akarudi kuhakikisha. Dira ilielekea kisimani. Akaizungusha simu hewani kama maandishi yake yalivyoagiza, huku na huku, mpaka jirani yake Kidesa akauliza, "Fundi, unafukuza nyuki?"

Watu wakacheka. Mwinjuma hakucheka. Mama yake, aliyeketi kwenye kigoda pembeni, akasema, "Mwanangu, chomeka kijiti. Jua lipo. Na makaburi ya babu zako yale pale, wote wamelazwa kuelekea upande mmoja."

"Mama, ukuta wa siku hizi haupimwi kwa kijiti."

Aling'oa vigingi, akakunja kamba, akapanda basi la mjini.

Kabla ya kuingia dukani aliivua simu kutoka kwenye kava, akalitia kava mfukoni. Hakutaka lishikwe na mikono ya watu. Akasema kihisi cha dira ni kibovu. Wenye duka walisoma karatasi ya waranti, wakaona muda bado haujaisha, wakaipokea. Hawakuuliza zaidi. Baada ya wiki sita wakampa simu ya pili, ambayo ilikuwa imefunguliwa na kufungwa upya. Spika yake ilikoroma. Aliivika kava palepale mlangoni, akaenda nayo kiwanjani. Jumatatu dira ilisema mkuyuni, Jumanne ikasema kwenye uzio wa Kidesa.

Akairudisha bila kava, kama mara ya kwanza, akaambiwa asubiri wiki sita nyingine.

Mbuzi walifungwa kwenye kile kiwanja. Majirani walikuja wawili wawili kumwomba waanze kwa kijiti, kama alivyosema mama. Aliwajibu kwamba ukuta ukienda upande, jina litakalotajwa ni lake. Kila Ijumaa mama yake aliomba apelekewe kigoda kiwanjani. Akifika aliuliza, "Dira imepona?" Mwinjuma alijibu kwamba simu iko njiani. Mama alikaa kidogo, akaangalia mbuzi, akarudishwa nyumbani.

Alifariki kabla simu ya tatu haijafika.

Mwinjuma alikaa matangani na wafiwa wengine. Kaburi lilichimbwa na Kidesa na wenzake. Hawakuwa na dira. Walichomeka kijiti, wakatazama kivuli, wakalinganisha na kaburi la mumewe, wakaanza kuchimba. Alasiri mama alilazwa kwa ubavu wa kulia, wakamfukia.

Simu ya tatu ilikuwa na doa la manjano kwenye kioo, na dira yake ilitangatanga kama zile nyingine. Baada ya arobaini Mwinjuma akapanda basi tena. Safari hii alikuwa na uchungu, akasahau desturi yake. Aliitupa simu mezani na kava lake.

Msichana wa mapokezi, Asina, alilivua kava ili asome namba iliyoandikwa nyuma. Akailaza simu mezani, akafungua dira. Ikatulia. Akasogeza kava na sumaku yake karibu, dira ikageuka. Akaliondoa, dira ikarudi mahali pake. Alirudia mara tatu kwa utaratibu. Kisha akafungua daftari la kaunta, akatazama taarifa za simu mbili za mwanzo. Mafundi walikuwa wameandika kwamba dira zao hazikuwa na kasoro, duka likazibadilisha tu kwa sababu ya waranti.

"Fundi," alisema Asina kwa sauti ya chini, "hii ni simu ya tatu. Hujawahi hata mara moja kuipima simu bila hili kava?"

Mwinjuma aliichukua simu yenye doa. Kava akaliacha mezani.

Aliposhuka kwenye basi hakwenda nyumbani. Alikwenda makaburini, akachuchumaa mbele ya udongo ambao bado haujashikana, akaishika simu tupu kiganjani. Dira ikatulia mara moja. Mstari wa kibla ulilikata kaburi katikati, kwa pembe mraba, kama kona ya nyumba iliyopimwa na fundi anayejua kazi. Aliinuka, akaenda upande wa pili, akapima tena. Kaburi lilikuwa sawa. Huo ndio mjengo pekee wa mama yake uliokamilika kwa wakati, na yeye hakuugusa.

Msikiti ulijengwa. Ulichukua miezi mitatu, na siku ya sala ya kwanza kigoda kilikuwa pale mlangoni, kitupu.

Basi nasi tuulizane: ni vingapi tumevirudisha kwa Yule aliyetupatia tukisema ni vibovu, na ni lini tulivipima, hata mara moja, bila kava lenye jina letu?