Pipa la Kidawa

Palikuwa na sultani, Mshangama jina lake, mtu asiyeridhika hata na usingizi wake mwenyewe. Siku moja alimpelekea Kidawa, mtia rangi, nguo kumi na mbili za harusi ya bintiye, kila moja na rangi yake.

Kidawa, mjane wa watu, alikuwa na pipa moja tu. Na pipa la rangi lina kero zake. Ukitoka kwenye nyeusi ukaingia kwenye njano, sharti ulisugue nusu siku, la sivyo njano inatoka kama tope. Basi akazipanga nguo kwa akili, akamaliza siku ya nne, akazipeleka barazani.

Sultani hakuzitazama.

"Umezipanga vipi?"

"Kutoka rangi nyepesi kwenda iliyokoza, Bwana wangu."

"Ndio mpango wa haraka kuliko yote?"

"Ni mzuri."

"Sikukuuliza uzuri! Thibitisha kwamba hakuna unaoushinda."

"Mpaka niijaribu mipango yote, Bwana wangu. Nguo tatu zina namna sita za kupangwa. Nne, ishirini na nne. Tano, mia na ishirini."

Waziri akadakia kuhesabu. Alipofika nguo ya kumi, milioni tatu na ushei, akaweka kalamu chini akaomba maji.

"Kwa zote kumi na mbili," akasema Kidawa, "wajukuu wa wajukuu zako watazeeka, na mimi bado nasugua."

"Hayo ni yako! Asiyeweza kuthibitisha kuwa mpango wake ndio bora kuliko yote, ananyang'anywa anachofanyia kazi. Wachukuzi! Lileteni pipa lake!"

Loo! Pipa lile ndilo lililowalisha wanawe watano.

"Sheria hiyo ni ya wote, Bwana wangu, au yangu peke yangu?"

Baraza zima lilikuwa limetega masikio.

"Ya wote! Mimi si dhalimu."

"Alhamdulillahi. Leo umesikiliza mashauri mangapi?"

"Kumi na matatu."

"Nani aliyepanga lipi litangulie?"

"Mimi mwenyewe! Na hakuna mpango bora kuliko wangu."

"Thibitisha."

Sultani akamtazama waziri. Waziri akatazama dari.

Kidawa akawageukia wachukuzi, akawahesabu kwa kidole.

"Naona wako wawili tu, Bwana wangu. Waanze kubeba kipi, pipa langu au kiti chako?"