Jina la Mama yake Nandonde

Hapo zamani, karne ile wenye vitabu wanayoiita ya kumi na tisa, misafara ilipokuwa bado inapita Kusini kwenda Kilwa, alitokea mkulima mmoja akiitwa Nandonde. Alifika Nahimba peke yake, hana jembe, hana ndugu. Akafyeka msitu, akapanda mtama, na mwaka wa njaa watu wa vilima vitatu walikula kutoka ghala lake. Akaoa, akazaa, akazeeka, akafa. Lakini mtu akimwuliza, "Mama yako nani?" alikuwa anainuka na kwenda zake shambani.

Sasa sikilizeni yaliyowapata waliobaki.

Mjukuu wake, Bibi Adaija, ndiye aliyeshika kikapu cha unga. Huko kwao, kabla ya kupanda, ukoo hukusanyika makaburini. Mtu mmoja humwaga unga wa mtama chini na kuwataja waliotangulia, jina kwa jina, mpaka juu kabisa. Anayeshika kikapu ndiye mkubwa wa ukoo. Haoi mtu, haolewi mtu, halilimwi shamba jipya mpaka yeye aseme. Bibi Adaija alikuwa anataja majina vizuri, lakini akifika kwa Nandonde, kimya. Juu ya Nandonde hapakuwa na mtu. Majirani walikuwa wanacheka: "Ukoo ule umeota kama uyoga."

Bibi akazeeka, miguu ikakataa. Akawaita wajukuu wake watatu, dada wa tumbo moja: Lukia, Somoe na Awetu.

"Nitakwenda kumkuta babu yangu karibuni," akawaambia. "Atakayeniletea jina la mama yake, huyo ndiye nitakayempa kikapu."

Tangu siku hiyo, dada wale hawakula tena sahani moja. Mmoja akimpelekea Bibi uji, wa pili anapeleka uji wenye karanga. Mmoja akicheka na Bibi, wawili wanauliza walikuwa wanacheka nini.

Lukia, mkubwa, ndiye aliyekaa na Bibi. Alimwogesha, akamgeuza kitandani, akamlisha, mwaka wa saba huo. Na Lukia alikuwa na siri. Mwaka mmoja Bibi alishikwa na homa kali, akaanza kupiga kelele kwa sauti nzito kama ya mwanamume: "Nasema kweli, kwa maji ya Mbwemkuru!" Lukia akajua kwamba hicho ni kiapo cha babu yule Nandonde, alichokisikia Bibi utotoni, na kwamba mtu huapa kwa maji ya mto wa kwao. Homa ikapoa, Bibi hakukumbuka kitu. Lukia akanyamaza. Hakuwaambia wadogo zake. Alitaka kwenda Mbwemkuru mwenyewe, lakini angemwacha Bibi na nani?

Miaka ikapita. Bibi akazidi kudhoofu, na Lukia akaona siri yake itazikwa pamoja na Bibi. Kwa uchungu akamwita Somoe.

"Nenda Mbwemkuru," akamwambia. "Lakini uniapie, mdogo wangu. Ukirudi, useme mbele ya Bibi kwamba mimi ndiye niliyekuonyesha njia."

"Nitasema, dada."

Ulikuwa wakati wa palizi. Somoe akaliacha shamba lake na magugu yake, akaondoka. Akauliza kijiji hiki, wakamcheka. Akauliza kijiji kile, wakamfukuza. Akala mizizi, akalala kwenye vibanda vya watu asiowajua, mwezi wa kwanza ukaisha, wa pili ukaisha. Mwisho akafika kwa mwanamke mzee sana, Binti Likwata.

"Nandonde?" Binti Likwata akashika kifua. "Huyo ni mtoto wetu. Njaa iliingia, mama yake alikuwa na watoto wawili, wa kiume na wa kike, na wote wanakufa. Akamtoa wa kiume kwa watu wa msafara, wakampa vikapu viwili vya nafaka. Yule wa kike akala, akapona. Ndiye aliyemzaa mama yangu. Tulisikia baadaye kwamba mtoto aliwatoroka wale watu njiani."

"Na mama yao aliitwa nani?"

"Jina lake hatulitaji. Alikuwa anakwenda ukingoni mwa mto kila siku, anamwita mwanawe, mpaka akafa. Aliacha neno: asitajwe na mtu yeyote mpaka watu wa Nandonde waje waseme wamemsamehe. Wewe ni mtu wa Nandonde. Unasemaje?"

Somoe akasimama.

"Mama aliyemtoa mwanawe kwa vikapu viwili? Nisamehe nini hapo? Kaeni na jina lenu!"

Akageuka, akarudi kwao. Alipofika Nahimba, mtama wake ulikuwa umeliwa na nguruwe na ndege, haukubaki hata wa kujaza ungo. Akamweleza Bibi habari yote, kuanzia mwanzo hadi mwisho, na habari yenyewe ikawaliza watu. Lakini Bibi akamwuliza, nani alimwelekeza Mbwemkuru? Somoe akasema, "Niliuliza huku na huku." Lukia alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la Bibi mkononi. Akasikia.

Awetu, mdogo, naye alikuwepo. Alikuwa amepalilia shamba lake, ghala lake limejaa. Alipoona Bibi ameushika mkono wa Somoe na hauachii, roho ikamwuma kama imechomwa moto. Akajiambia, "Kumbe jina lipo. Linangoja neno moja tu." Alfajiri akaondoka.

Awetu aliukuta mto wa Mbwemkuru ungali umejaa maji ya masika. Akauvuka, maji yakimfika shingoni, akaponea kwenye mzizi. Akafika kwa Binti Likwata ameloa chapachapa. Akapiga magoti.

"Mimi ni mtu wa Nandonde. Tumemsamehe."

Binti Likwata akalia kama mtu aliyefungwa akafunguliwa. Akawaita watoto wake na wajukuu zake, wakalia wote. Kisha akamnong'oneza Awetu jina.

Awetu alipokuwa njiani anarudi, njaa ilikuwa imeingia nyumbani kwa Somoe. Hana mtama, na mume wake ni mgonjwa. Akamfunga kitambaa binti yake mdogo, akampeleka kwa wifi yake, shangazi wa mtoto, kijiji cha mbali, akae huko mpaka mavuno. Mtoto alimshika upande wa khanga. Somoe akamnasua vidole, kimoja kimoja, akarudi peke yake. Akakaa mlangoni siku mbili hasemi na mtu.

Basi Awetu akafika. Ukoo ukakusanyika nyumbani kwa Bibi. Awetu akainama, akamwambia Bibi sikioni, na Bibi akalitaja kwa sauti: "Nambela!" Wazee wakapiga vigelegele. Awetu akanyoosha mikono.

"Nipe kikapu, Bibi. Ulisema atakayeleta jina. Nani ameleta jina?"

"Bila mimi ungekwenda wapi?" Lukia akapaza sauti. "Kiapo cha Mbwemkuru nilikisikia mimi, nikimfuta Bibi jasho, ninyi mnalala na waume zenu!"

"Ukakificha miaka mingapi, dada?" akauliza Somoe. "Ungekitoa mapema, Bibi angelitaja jina hilo akiwa bado ana nguvu. Mimi ndiye niliyewatafuta watu. Nimepoteza shamba, nimepoteza—"

"Uliwapata ukawatukana," akasema Awetu. "Mimi ndiye niliyesema neno walilolingoja."

Bibi akainua mkono, wakanyamaza.

"Awetu, mke mwenzangu," akasema, maana ndivyo alivyozoea kuwatania wajukuu zake, ila siku hiyo hakuwa anatania. "Uliposema tumesamehe, ulikuwa umesamehe kweli?"

Awetu akaishusha mikono aliyokuwa ameinyoosha.

"Hapana, Bibi. Nilikuwa namfikiria Somoe tu. Nilikuwa nataka nimshinde."

"Na wewe, Somoe?"

"Siku ile sikusamehe," Somoe akajibu, na machozi yakamtoka. "Sasa nimesamehe. Nimemsamehe tangu nilipotoka kwa wifi yangu bila mwanangu. Lakini hakuna aliyekuwa ananiuliza tena."

"Lukia?"

"Mimi sijui habari za kusamehe, Bibi. Mimi najua kwamba kesho asubuhi utaamka, na atakayekuogesha ni mimi."

Mawingu ya kupandia yalikuwa yameshasimama juu ya vilima. Bibi Adaija akakiweka kikapu mapajani, akawatazama mmoja mmoja, na mkono wake ukakaa juu ya kifuniko.

Huko nilikosimuliwa kisa hiki watu waligombana mpaka wakasusiana. Sasa niambieni ninyi mliokaa hapa. Mmoja alikisikia kiapo akakificha. Mmoja alilipia njia kwa shamba na mtoto, akamnyima dada yake sifa, na akasamehe kwa kuchelewa. Mmoja alisema neno la uongo, na neno hilo likawafungua watu kweli. Je, ungekuwa wewe ndiye Bibi Adaija, kikapu ungempa nani?