Kwa Nini Majina Hupigiwa Makofi

Zamani, watu walipokuwa bado wakilitamka neno kwa pumzi moja tu, ilikuwa mwiko kulikata neno vipande. Waliamini kuwa jina likikatwa, mwenye jina huugua. Basi watoto walichelewa sana kusema, maana neno zima lilikuwa kubwa mno kwa masikio yao.

Na desturi ilikuwa hivi: mtoto akiachishwa ziwa, alihamia kwa bibi yake mzaa baba. Angerudi nyumbani siku atakayosimama uani na kuliita jina la mama yake, mara hiyo moja tu katika maisha yake. Wengine walirudi meno ya utoto yameshang'oka.

Nakiete alikuwa na binti mmoja, Mboni. Vuli mbili zilipita, mtoto yuko ng'ambo ya ua kwa bibi yake, wala hajaita. Nakiete alimsikia akikohoa, alimsikia akicheka, asiweze kumgusa. Kila jioni alipika chakula cha watu wawili, kisha akakitazama cha mmoja kikipoa.

Asubuhi moja alikuwa akitwanga mahindi kando ya ua ule. Hamu ya mwanawe ilimzidi, akaanza kujiita mwenyewe, kama anayemwazima mtoto kinywa. Lakini mchi ulikuwa mzito, na kila pigo lilimwachia pumzi ya kipande kimoja tu: Na. Ki. E. Te.

Ng'ambo vikasikika viganja vidogo. Makofi manne, kisha kimya. Nakiete akarudia. Makofi manne.

Bibi alikuwa pale pale akichambua mboga. Angeweza kumfukuza mkwewe kwa kuvunja mwiko. Badala yake alinyanyua kigoda chake, akanung'unika kwamba jua linamchoma, akaenda kukaa nyuma ya nyumba, mahali ambapo mtu hasikii vizuri. Alifanya hivyo siku saba, hata siku za mawingu.

Siku ya nane Mboni alisimama uani, akapiga makofi manne, na kila kofi likatoka na kipande chake. Kisha akavuta pumzi, akaviunganisha, akaliita jina lote.

Wazee walikuja juu, wakasema jina limevunjwa na mtoto arudishwe ndani. Bibi aliwajibu taratibu, "Limevunjwa, kweli. Mwenye jina huyo hapo. Mtazameni kama anaumwa."

Wakamtazama Nakiete, amepiga magoti, uso umelowa, mtoto kifuani. Mzee mmoja, ambaye mjukuu wake alikuwa hajaita bado, aliondoka akivijaribu viganja vyake polepole.

Na tangu siku hiyo, mama amfundishapo mtoto neno, hulipigia makofi kipande kwa kipande. Na kofi la mwisho likishapigwa, hunyamaza, viganja wazi, akingoja.