Meneja Kiboko na Midomo ya Tanuru

Hapo zamani sana, wanangu, wanyama walipokuwa wakiishi kwenye nyumba zenye milango na makufuli, palikuwa na kiwanda cha matofali kando ya mto. Fundi wa moto pale alikuwa Bi Nguchiro. Kaumbo kake kadogo, hata toroli lilimzidi kimo, lakini kwa kulijua tanuru hakuna aliyemfikia.

Pale kiwandani palikuwa na desturi. Matofali mabichi yakishapangwa kuwa tanuru, safu ya juu kabisa ilikuwa ya wachomaji wenyewe. Kila mmoja alichora alama yake kwenye matofali yake, na yakiiva aliyabeba akajengee kwake. Nguchiro alikuwa amebakiza ukuta mmoja tu wa nyumba yake. Wanawe watatu walilala upande uliozibwa kwa turubai, na masika yalikuwa yanakaribia.

Ndipo akaletwa meneja mpya, Kiboko. Siku ya kwanza alisimama mbele ya wafanyakazi, akasafisha koo, "Ghrrm!"

"Sikilizeni! Mimi nimeongoza viwanda vikubwa kuliko hiki. Hapa kichwa ni mimi, ninyi ni mikono. Na mkono haufikiri! Ni marufuku kufanya jambo lolote bila amri yangu. Halafu ile safu ya juu, kuanzia leo ni ya kiwanda."

"Lakini mzee," akasema Nguchiro, "ile safu ni ya..."

"Nimekuuliza?"

"Hapana, mzee."

"Basi kimya!"

Nguchiro akarudi kazini. Roho ilimuuma kweli, maana alama zake alikuwa ameshazichora. Jioni akawaita wenzake wawili, Kobe mbeba kuni na Ngedere mkanda udongo, wakajificha nyuma ya rundo la kuni. Psi psi psi!

"Tugome?" akauliza Ngedere.

"Wewe! Tugome atufukuze? Tutamtii," akasema Nguchiro. "Tutamtii kwa kila kitu. Kila kitu! Mmenielewa?"

Wakaelewa, wakacheka mpaka Kobe akaingiza kichwa ndani ya gamba.

Tanuru likawashwa. Siku ya tatu, saa nane mchana, Kiboko aliwaalika mameneja wenzake, Nyati na Kifaru, waje wajifunze uongozi. Viti vikapangwa, chai ikamiminwa.

"Jamani, somo la kwanza," akaanza Kiboko. "Kiongozi ni mtu ambaye..."

"Hodi mzee!" Alikuwa Kobe, na gogo mgongoni. "Hili nilitie mdomo wa tanuru wa kushoto au wa kulia?"

"Wa kushoto! Sasa, kiongozi ni mtu..."

"Mzee!" akaja Ngedere. "Udongo umekauka. Niongeze maji?"

"Ongeza!"

"Ndoo moja au mbili?"

"Mbili!"

"Nianze na ipi?"

"Yoyote! Toka hapa!"

Ngedere alipotoka, Kobe huyo amerudi, taratibu, kwata, kwata, kwata.

"Mzee, gogo nimelitia. Sasa nikalete jingine, au nisimame palepale?"

Kifaru akamtazama Nyati. Nyati akatazama kikombe chake.

"Ndugu yangu," Kifaru akauliza, "hapa kwako ni hivi kila siku?"

"Hiyo ni nidhamu!" akajibu Kiboko, jasho likimtiririka. "Hawafanyi lolote bila mimi."

Wakati huo Nguchiro alikuwa amesimama chini ya tanuru, macho juu. Moshi mweusi ulikuwa umekwisha, umebaki mwepesi wa kibuluu, na kwenye nyufa za safu ya juu wekundu ulianza kuonekana. Matofali yalikuwa yameiva. Midomo ya kutilia kuni isipozibwa kwa udongo ili moto ufe, yangeyeyuka na kushikana, yote, pamoja na yale yenye alama yake. Ukuta wake ungeteketea papo hapo. Aliogopa, wanangu, msidhani hakuogopa. Lakini alitembea mpaka kwenye viti, akainama kwa adabu.

"Mzee, tuzibe midomo ya tanuru, au moto uendelee?"

Kiboko akalitazama tanuru. Katika viwanda vyote alivyoongoza, kazi ya kuziba ilifanywa na wengine naye hakuwahi kuuliza waliifanyaje.

"Zibeni," akasema. "Hapana, ngoja. Acheni uendelee."

"Sawa mzee. Unaendelea." Nguchiro akakaa chini, akakunja miguu.

Pa! Tofali la pembeni likapasuka. Nyati akaruka kutoka kitini.

Kiboko akainama, akanong'ona, "Nguchiro, hebu... wewe unaonaje?"

"Mimi tena? Mkono una macho, mzee?"

Pa! Pa!

"Kiboko, toa amri bwana!" akafoka Nyati. "Mali inaungua!"

"Basi! Basi!" Kiboko akapiga kelele. "Nguchiro, moto nakuachia! Amua wewe!"

"Leo tu, au siku zote?"

"Siku zote!"

"Na safu ya juu?"

Pa!

"Ni yenu! Chukueni! Zibeni hayo madude!"

"Wageni wamesikia?"

"Tumesikia!" wakasema Nyati na Kifaru kwa pamoja.

Nguchiro akapiga mluzi, fyuu! Kumbe udongo wa Ngedere ulikuwa umeshakandwa toka asubuhi, laini, tayari. Wakaubandika kwenye midomo, pwa! pwa! pwa! Hata Kobe alikimbia, na anayesema hakukimbia hakuwepo. Kabla hujahesabu mia, midomo yote ilikuwa imezibwa.

Tanuru likaachwa lipoe wiki nzima. Lilipofunguliwa, matofali yalikuwa mekundu, ukiligonga moja linalia ng'eee! Yaliyopasuka hayakuzidi matano. Nguchiro alibeba yake, akamaliza ukuta siku mbili kabla ya mvua ya kwanza, na lile turubai akampa jirani.

Jumatatu iliyofuata Kiboko alifika kiwandani mapema, akamkuta Nguchiro anakagua kuni za tanuru jipya. Akasimama, akajikuna sikio.

"Bi Nguchiro," akasema, "kuni hizi zitatosha?"

"Hazitoshi, mzee."

"Haya. Nionyeshe za kuongeza, nizibebe."

Basi wanangu, hadithi yangu imefika ukingoni, na funzo lake ni hili: anayetaka kuamua kila kitu ajiandae kuulizwa kila kitu, hata asichokijua.