Mdomo wa Saumu na Makande ya Mwajabu

Msifia chungu ndiye huulizwa ufa. Mmeyasikia maneno haya leo asubuhi, Mama Hoza alipomrushia yule kijana aliyekuja kumsifia mbegu za nyanya, na sasa mnaniuliza yametoka kwa babu yupi. Hayakutoka kwa babu yeyote. Ni maneno machanga; wengi wenu mlizaliwa kabla yake. Wala msidhani yalitoka kwa mtu aliyetulia akatafakari. Aliyeyasema alikuwa akitetemeka kwa hasira. Kaeni niwaeleze yalivyoanza.

Hapa Soni palikuwa na binti aitwaye Saumu Shemahonge. Alikuwa amemaliza chuo cha ualimu, akarudi kwa mama yake kungoja ajira, na ajira ikawa haiji. Lakini hakukaa bure. Mtu akipewa dawa asielewe maandishi yake, aliipeleka kwa Saumu. Mtu akitaka kujua kama mbolea aliyouziwa ni yenyewe, alimbebea Saumu mfuko ausome. Akisema "hii nzuri," watu walinunua. Akisema "acha," waliacha. Duka hakuwa nalo wala shamba, ila alikuwa na kitu ambacho matajiri wengi wa hapa hawakuwa nacho: aliaminika.

Siku moja akaona kwenye simu tangazo la darasa la bure la mtandaoni. Kampuni moja ya Dar es Salaam, ikijiita Pika Chapu, ilikuwa ikifundisha watu kuuza bidhaa zake bila wao kuzinunua. Mwalimu wa darasa, Bwana Lameck, alikuwa na sauti tamu. Alieleza kwamba kila anayejiunga hupewa linki yake mwenyewe. Ukimtumia mtu linki hiyo, akaibonyeza akanunua, kampuni inajua kwamba wewe ndiye uliyemleta, nawe unapata kamisheni yako.

"Huhitaji mtaji," alisema Bwana Lameck. "Huhitaji fremu ya duka wala leseni. Mtaji wako ni watu wanaokuamini. Anza na hao."

Neno hilo lilimpendeza Saumu. Hakulipima vizuri, lakini lilimpendeza.

Akachagua kutangaza sufuria za presha. Alichagua kwa akili, siwezi kumnyima sifa hiyo. Sisi ni watu wa makande, na makande yanakula mkaa kama moto wa tanuri. Mama gani hapa hatamani maharage yanayoiva upesi? Tatizo likawa aandike nini, maana sufuria yenyewe hakuwa nayo, na uwezo wa kuinunua hakuwa nao. Akamwuliza Bwana Lameck. Akajibiwa, "Andika kama mtu anayeitumia. Wote huanza hivyo."

Basi akaandika kwenye kundi la wasapu la kina mama wa sokoni: "Mama zangu na dada zangu, tangu nipate sufuria hii naweka makande jikoni, nikimaliza kufagia uani yameiva. Mkaa umekuwa si shida tena kwangu." Chini yake akabandika linki.

Wakaagiza. Kamisheni ya kwanza ilipoingia, Saumu alimkumbatia mama yake akacheka mpaka machozi yakamtoka. Msimlaumu kwa furaha ile. Mtu aliyengoja muda mrefu kuitwa kazini, siku akiona amepata kitu kwa juhudi yake mwenyewe, hucheka hivyo. Baada ya hapo kila alipoamka aliandika sifa mpya. Sufuria haiunguzi. Sufuria haivuji. Hata mtoto anaweza kuitumia.

Sasa, pale kwenye lango la soko palikuwa na Mwajabu, akiuza makande kwa wapakiaji mizigo na madereva wa malori ya mboga. Alikuwa rafiki wa Saumu tangu darasa la kwanza, na jiko lake ndilo lililowalisha watoto wake na mama yake, Bi Sikudhani. Mwajabu hakuwa mtu wa kurukia vitu. Alimfuata Saumu nyumbani, akakaa mkekani, akamwuliza uso kwa uso.

"Mwenzangu, mimi napika kwa biashara. Sufuria ikinichezea, watoto wanalala na njaa. Niambie kweli. Wewe umeipikia?"

"Naipikia kila siku," alisema Saumu.

"Maharage?"

"Maharage, mahindi, hata makongoro ya ng'ombe."

"Mbona sijaiona humu ndani?"

"Shangazi ameiazima."

Mwajabu akacheka, akampa Saumu simu yake ambonyezee panapotakiwa, maana yeye mwenyewe hakujua. Kwa hiyo ni kidole cha Saumu kilichoiagiza sufuria ile, tena ile kubwa kuliko zote.

Ilikuja. Ikapika vizuri kwa majuma kadhaa, na Mwajabu akawa anamwombea Saumu dua mbele ya wateja. Kisha, siku ya gulio, soko likiwa limefurika, mfuniko uliruka. Waliokuwepo walidhani tairi la lori limepasuka. Maji ya moto na maharage vilimmwagikia Mwajabu kifuani, shingoni na mkono wote wa kulia. Walimkimbiza hospitali akilia kwa sauti ambayo wauza mboga wa siku ile hawajaisahau.

Habari ilimkuta Saumu nyumbani. Nitawaambia alihisi nini kwanza, maana bila hilo hamtaielewa methali. Alikasirika. Na aliyemkasirikia ni Mwajabu.

"Atakuwa aliijaza kupita kiasi," alimwambia mama yake. "Atakuwa hakufuata maelekezo. Mimi nimekosa nini? Kwani mimi ndiye niliyeitengeneza?"

Mama yake aliinuka. Alijifunga khanga ya pili, akatoka kwenda hospitali peke yake.

Saumu akampigia simu Bwana Lameck. Alimweleza kila kitu, akingoja aseme kampuni itafanya nini.

"Pole sana, dada," alisema Bwana Lameck. "Lakini elewa kitu kimoja. Wewe si mfanyakazi wetu, wewe ni wakala huru. Huyo mteja ni wako."

"Wangu? Sufuria si yenu?"

"Sisi tunasambaza tu. Kwani sisi ndio tulioitengeneza? Sikiliza. Futa zile meseji, kaa kimya siku mbili tatu, halafu nitakupa linki ya blenda. Zinatoka sana. Kila anayeanza hupitia mambo kama haya."

Saumu akakata simu. Alitaka kumtukana mtu yule matusi yote anayoyajua, lakini maneno ya Lameck yalikuwa yakimrudia masikioni: kwani sisi ndio tulioitengeneza? Ni yaleyale aliyokuwa amemwambia mama yake punde tu. Alitafuta tofauti kati yake na Lameck, asiipate. Akavaa viatu, akaenda.

Bi Sikudhani alikuwa kwenye benchi la korido, khanga yake imepakaa maharage yaliyopondeka, kwa sababu yeye ndiye aliyempokea binti yake mikononi. Alipomwona Saumu akasimama.

"Umekuja kutazama?"

"Pole, Mama. Nimekuja kumwona Mwajabu."

"Kwanza nieleze habari za chungu."

Bi Sikudhani hakuwa na jina lingine la chombo cha kupikia. Kwake hata sufuria ya presha ilikuwa chungu.

"Mama, mimi sikukitengeneza," alisema Saumu. Hata baada ya yote, ndilo neno lililomtoka. "Wala sikukiuza. Nilionyesha tu kinapopatikana. Kampuni ndiyo..."

"Kampuni!" Sauti ya mama yule ilipanda mpaka muuguzi akachungulia mlangoni. "Kampuni inakaa wapi? Nani amewahi kula nayo? Aliyekifinyanga simjui. Aliyekiuza simjui. Hao hawakuja kwangu. Aliyekuja na mdomo wake ni wewe, Saumu, niliyekunywesha uji na mwanangu kwenye bakuli moja. Sasa unataka nikamwulize nani? Msifia chungu ndiye huulizwa ufa! Nijibu. Ulikipikia?"

Wagonjwa waliokuwa wakisubiri zamu waligeuza shingo. Saumu aliutafuta uongo mwingine, na uongo ulikuwepo, umekaa tayari kwenye ulimi. Lakini kutoka chumba cha pili ilisikika sauti ya Mwajabu akibadilishwa bandeji.

"Sikukipikia," alisema.

"Sema wakusikie."

"Sikukipikia, Mama. Sijawahi hata kukishika."

Watu wawili walisogea kumzuia Bi Sikudhani wakidhani atampiga. Hakumpiga. Alikaa, akaugeuzia ukuta uso wake.

"Toka mbele yangu," alisema. "Unasimama hapa kunipa pole, na vyungu vingine ulivyovisifu viko motoni sasa hivi."

Neno hilo lilimtoa Saumu mbio. Njiani aliandika kwenye kundi: "Zimeni moto. Msizitumie sufuria. Nilidanganya, sijawahi kuipikia hata siku moja. Nilikuwa nalipwa kwa kila anayenunua." Wachache wakasoma. Mmoja akamjibu, "Jana asali, leo sumu. Kesho utatuambia nini?" Wengine wakaendelea kupika. Ule mdomo ambao neno lake moja lilitosha kumfanya mtu anunue au aache, sasa ulikuwa haumzuii mtu kitu.

Ikabidi aende kwa miguu, mlango kwa mlango, mlima kwa mlima. Kila mlango alitukanwa, na kila mlango alisimama mpaka moto uzimwe. Kwa Mama Ngoda, kule juu, aliikuta sufuria inafoka jikoni na mwenyewe amejaa mlangoni.

"Yangu nzima," alisema Mama Ngoda. "Leo umelipwa na nani, uje kuzisema vibaya?"

Saumu hakubishana. Alipita chini ya mkono wake, akautoa mkaa wote jikoni, akachuchumaa kungoja sufuria ipoe, huku mwenye nyumba akimtukana yeye na ukoo wake. Ilipopoa akaufungua mfuniko, akauinua kwenye mwanga wa dirisha. Kwenye ukingo, pale unapojikaza, palikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Mama Ngoda akaupitisha ukucha. Kisha akaanza kutukana upya, na safari hii Saumu aliona ni haki yake.

Si sufuria zote zilikuwa na ufa, lakini zilizokuwa nao zilitosha kuua. Kina mama wakazikusanya, wakazipeleka kwa wakubwa wa mkoa wanaosimamia biashara, na mashauri yale yalichukua njia yake ndefu. Hiyo si habari ya leo. Habari ya leo ni kwamba maneno ya koridoni yalikuwa yamekwisha kutapakaa mjini. Muuza nyama akisifu maini yake, mteja alimtupia maneno hayo. Watoto waliyaimba Saumu akipita. Aliyachukia kama mtu anavyochukia jina la utani.

Baadaye Bwana Lameck akapiga tena, kwa sauti ileile. "Dada Saumu, wewe ni mmoja wa walioanza vizuri sana. Nina darasa jipya, watu kutoka kila mkoa. Wanataka kusikia uzoefu wako."

Saumu akakubali. "Nitazungumza," alisema.

Darasa lilipoanza, Lameck alimpamba kwa sifa, kisha akampisha.

"Naitwa Saumu, wa Soni," alianza. "Mmeambiwa mtaji wenu ni watu wanaowaamini. Ni kweli kabisa. Huyu anautaka mtaji huo kwa sababu yeye hana. Ukiuharibu, yeye hapotezi kitu. Rafiki yangu amelala hospitali, ngozi ya mkono wake inatoka na bandeji, na aliyeulizwa si kampuni, ni mimi. Kama unataka kuanza kazi hii, anza na kitu ulichokitumia mpaka ukajua kinapokosea. Taja kasoro yake kabla ya uzuri wake. Sema wazi kwamba unalipwa. Na mtu akikuuliza, 'Wewe umekitumia?' ukaona huna jibu, funga mdomo wako. Kuna mama hapa kwetu alisema: msifia chungu ndiye..."

Lameck akamkata sauti. Lakini alimkata vibaya, maana watu wote wakabaki wanaulizana: ndiye nini? Wakaandikiana, ndiye nini? Mwanafunzi mmoja aliyekuwa na ndugu hapa Soni akawaandikia mwisho wake. Wakati Lameck anamtoa naye darasani, kila mkoa ulikuwa umekwisha kusoma.

Mwajabu alipona, ila mkono wa kulia haukunyooka tena. Alirudi langoni na sufuria ya kawaida na mkaa wake mwingi. Saumu alikuwa akija kila asubuhi kuchota maji na kupepeta mahindi. Hakuna aliyemwomba. Bi Sikudhani alimwacha afanye kazi, lakini hakumsemesha, na Mwajabu alimsemesha ya kazi tu.

Siku moja dereva wa lori kutoka Moshi alikuwa anakula hapo na utingo wake. Utingo akawa anasifia matairi ya duka fulani. Dereva akacheka. "Angalia, bwana. Msifia chungu ndiye huulizwa ufa. Wahenga walisema."

Mwajabu, akipakua kwa mkono wa kushoto, akamtazama. "Wahenga gani?"

"Wahenga tu, dada. Maneno ya zamani hayo."

"Mhenga mwenyewe yule pale, anachochea moto," alisema Mwajabu. "Na hasira yake haijaisha."

Bi Sikudhani hakuinua kichwa. Saumu aliendelea kupepeta, makapi yakimrukia usoni, naye hakuyafuta.

Basi, ninyi mnaotumiana linki mchana kutwa, yule kijana wa mbegu za nyanya hakutukanwa. Aliulizwa swali, nalo ni hili: umezipanda? Kama hukuzipanda, pita kimya, kwa sababu siku shamba likikauka, mwenye kiwanda hatakuwepo, mwenye duka hatakuwepo, utakuwepo wewe. Msifia chungu ndiye huulizwa ufa.